Nilivyomfundisha Mwalimu Audax Kihariri Kipya

Simpendi Audax. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani naandika habari zake kwa mapenzi. Miaka sita tumekaa chumba kimoja, meza yake hatua tatu kutoka yangu, na katika miaka hiyo sikumbuki hata siku moja niliyofurahi kumwona anaingia mlangoni.

Ni Mhaya wa Muleba, mwalimu wa hesabu aliyeacha chaki akiwa mtu mzima, akajifundisha mwenyewe kuandika programu za kompyuta. Anaishi Madale, kule juu kilimani, kwenye nyumba aliyoijenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ujao madirisha. Kila siku alikuwa anatoka huko mpaka huku Mtoni, kwenye ofisi yetu, ambayo ni nyumba ya kupanga tu nje ya Barabara ya Kilwa, vyumba vitatu na ukuta wenye ukungu. Sie tunatengeneza mfumo wa zahanati za binafsi. Mgonjwa akiandikishwa, akipimwa, akipewa dawa, yote yanapita kwenye mfumo wetu. Zahanati tisa zinautumia, na mfumo huo, upende usipende, Audax aliuanza peke yake kabla mie sijajua hata kompyuta inawashiwa wapi.

Kiburi chake kinaanzia hapo. Mie Sekela ndiye mkuu wa waandishi wa programu pale, nimesomea chuo, nina cheti. Yeye alikuwa chini yangu. Lakini ana miaka hamsini na mitatu na mie thelathini na minne, kwa hiyo kila asubuhi mkuu ndiye anayempa shikamoo mtu wake, naye anaitikia, "Marahaba, binti," macho yake hayatoki kwenye kioo cha kompyuta. Binti! Mbele ya wateja, mbele ya bosi, mbele ya Nurdin tuliyemwajiri juzi tu.

Halafu ualimu haukumtoka. Ukimpelekea kazi yako aipitie, anaichapa kwenye printa, anachukua kalamu nyekundu, anaisahihisha kama mtihani wa kidato cha pili, na juu kabisa anaandika maksi. Mie nimeshapata arobaini na mbili kwa mia, mtu mzima, mama wa watoto wawili. Nilienda kulia chooni siku hiyo. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba kosa alilolizungushia lilikuwa kosa kweli.

Sasa kwa asiyejua, kihariri ni ile programu ambayo sie tunaandikia programu zetu. Ni chombo cha kazi, kama cherehani kwa fundi nguo. Audax alikuwa anatumia Notipadi. Ndiyo, hiyohiyo nyeupe tupu inayokuja na kompyuta, ambayo watu wengine wanaandikia vitu vya kununua sokoni. Haina rangi, haikuonyeshi ulipokosea, haikukumbushi chochote. Miaka kumi na miwili anaandika mfumo wa zahanati kwenye kitu kama kile! Sie wengine tulishahamia zamani kwenye kihariri chenye nguvu, ambacho ukikosea kinapiga mstari mwekundu, ukianza neno kinakumalizia, ukitafuta kitu kinapekua mafaili mia tano kufumba na kufumbua. Audax akikiangalia kile kihariri anasonya.

Mwaka huu mwezi wa tatu bosi wetu, Brightson, akachoka. Akatuita wote wawili chumbani kwake.

"Mzee Audax," akasema, "kuanzia mwezi ujao hapa ofisini hakuna Notipadi. Sekela atakufundisha kihariri kipya wiki mbili. Zikiisha, ataniandikia ripoti kama umeweza au hujaweza. Kama hujaweza, mkataba wako unaisha na hatutauongeza."

"Sawa," Audax akasema.

"Maana wazee walisema, mzoea kunyonga kuchinja hawezi."

"Wakasema pia ng'ombe hazeeki maini," Audax akajibu, akainuka.

Mtu wa miaka hamsini na mitatu, mwenye cheti cha ualimu, programu kajifundisha mwenyewe. Akitoka pale nani mwingine angemchukua? Hakuna, na sote watatu tulikuwa tunalijua hilo. Kazi ya yule mtu ilikuwa imewekwa mkononi mwangu. Acha nisiwe mnafiki: nilifurahi. Niliporudi mezani nilikuwa naimba.

Siku ya kwanza ya masomo hatukufika hata nusu saa kabla hatujagombana.

"Hizi rangi rangi za nini?" akaniuliza.

"Zinakutofautishia, mwalimu. Bluu ni amri, kijani ni maelezo."

"Kwani mie nikisoma sitofautishi? Nimefundisha hesabu miaka kumi na minne, ubao mweusi, chaki nyeupe, na watoto walifaulu."

"Basi zoea tu."

"Na hiki kinachonimalizia maneno, nani kakiomba?"

"Kinakusaidia, mwalimu."

"Kinanikatiza. Kwenu Tukuyu mtu akikudakia maneno mdomoni mnamwita msaidizi?"

"Kwetu Tukuyu mtu akifundishwa ananyamaza!"

Nurdin akachukua chupa yake ya maji akatoka nje, ingawa chupa ilikuwa imejaa. Audax akafungua daftari la mistari, lile la shule kabisa, akaandika juu ya ukurasa: "Somo la Kwanza." Khaa! Nikatamani kulichana.

Na kule kusevu kwake! Hili lazima nilieleze vizuri kwa sababu ndilo lililoleta yote. Audax akiandika mstari mmoja, anasevu. Hasubiri umalizike. Nusu mstari, anasevu, na hasevu mara moja, anasevu mara mbili. Kibodi yake ilikuwa ya zamani, ina kelele, kwa hiyo kutwa nzima unasikia ta-ta, kimya kidogo, ta-ta. Nilishamuuliza zamani kwa nini. Akaniambia kwamba alipokuwa anaanza huu mfumo, kompyuta yake ya mezani haikuwa na betri, na umeme ulikuwa unakatika bila kuaga. Siku moja kabla ya kumwonyesha mteja wa kwanza, ukakatika saa kumi jioni na kumeza kazi ya tangu asubuhi. Tangu hapo vidole vyake havijawahi kumwamini mtu wa umeme. Sie wa huku sote tuna kaugonjwa hako kidogo, lakini wa Audax ulikuwa umeshakomaa, alikuwa hajui hata kama anasevu. Laptopu ya sasa ina betri ya saa sita, na bado ta-ta, ta-ta. Kelele ile ilikuwa inaniingia kwenye meno.

Wiki ya pili, uongo dhambi, alijifunza. Ndicho kilichonichefua zaidi. Daftari lilikuwa limefika ukurasa wa kumi na moja, kila njia ya mkato ameiandika na mfano wake chini. Jumatano akanionyesha njia moja ambayo mie mwenyewe nilikuwa siijui. Unaweka kishale juu ya jina la hesabu fulani, unabonyeza, na kihariri kinakuorodheshea kila mahali hesabu hiyo ilipotumika kwenye mfumo mzima.

"Binti, njoo uone," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa anacheka. "Haya yote nilikuwaga nayashika kichwani. Miaka kumi na miwili! Kumbe kinaweza kunishikia."

"Ndiyo," nikasema. "Kinashika."

Nikarudi kukaa. Nilikuwa nimeshaanza kuandika ripoti yangu tangu wiki ya kwanza, na neno nililoliandika ni "hajaweza". Sasa huyu mtu anaweza. Ningeandika nini?

Nikatafuta mtihani wa kumshinda. Tulikuwa na tatizo moja sugu kwenye mfumo: mtoto mchanga akipimwa uzito wenye pointi, tuseme kilo sita pointi nne, mara nyingine sehemu ya dozi inakuja tupu, na muuguzi inabidi akokotoe mwenyewe kwa karatasi. Miaka mitatu tumelitafuta. Mie nimelitafuta, nikashindwa. Nikamwambia Audax, "Mwalimu, Jumatatu ndio mtihani wako. Utatengeneza ile ishu ya dozi, kwenye kihariri kipya, kwenye mafaili halisi."

"Jumatatu," akasema, akaandika kwenye daftari.

Sasa kuna jambo la kuelewa hapa. Zamani kila mtu alikuwa anaandika kwenye kompyuta yake, kazi ikiisha na kujaribiwa, Jumamosi inabebwa kwa flashi mpaka kwenye seva, ile kompyuta kubwa ya chumba cha nyuma ambayo zahanati zote tisa zinasoma kutoka kwake. Kihariri kipya kinaweza kuruka safari hiyo. Unakiunganisha na seva, na kuna setingi mbili za kuchagua. Ya kwanza: ukisevu tu, faili linakwenda lenyewe. Ya pili: haliendi mpaka ubonyeze kitufe cha kulipeleka. Mie na Nurdin tunatumia ya kwanza. Wataalamu watasema tunacheza na moto, na ni kweli, lakini sie tunaandika mpaka mwisho, tunahakikisha, ndio tunasevu. Alhamisi nilipomuunganisha Audax nikamwekea ileile ya kwetu. Hapo naapa sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na haraka tu.

Ijumaa saa tano asubuhi nimekaa zangu, yeye anafanya mazoezi kwenye mafaili ya kujifunzia ambayo hayaendi popote, nikasikia: ta-ta. Kimya kidogo. Ta-ta.

Jumatatu huyu mtu atakuwa kwenye mafaili halisi. Kila nusu mstari atakaoandika utakwenda moja kwa moja kwenye zahanati tisa, na mfumo ukisoma nusu mstari unaanguka. Kubadilisha ile setingi ni kazi ya nusu dakika. Ningenyanyuka tu, hatua tatu, niseme, "Mwalimu, nipishe kidogo." Nilishasukuma kiti nyuma.

Hapohapo akageuka. "Binti," akasema, "ile kazi yako ya fomu ya kuandikisha wagonjwa nimeipitia. Umejitahidi safari hii. Hamsini na tano." Akanyoosha mkono akanipa karatasi, Nurdin anaangalia.

Nikapokea. Nikakaa. Nikajisemea moyoni, si anajua kila kitu? Basi ajue na hili. Sikumwambia Ijumaa, wala sikumpigia Jumamosi, wala Jumapili nilipokuwa kanisani nimekaa kimya saa mbili nzima na simu iko mkobani.

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi simu ya kwanza ikaingia kwangu. Alikuwa Mwanakombo, muuguzi wa zahanati moja kule Vingunguti, mwanamke ambaye hata akikusalimia unahisi anakufokea.

"Sekela! Mfumo wenu umekufa!"

"Ngoja niangalie, dada."

"Subiri, umerudi. Haya, umekufa tena! Mnacheza na swichi huko? Nina akina mama ishirini na sita kwenye benchi na watoto wanalia, siwezi kufungua hata jina la mtu!"

Simu ya pili, ya tatu. Nyuma yangu, ta-ta. Nilijua. Tangu neno la kwanza la Mwanakombo nilijua. Audax alikuwa ameinamia kioo, kazi imemkolea, hasikii simu wala kelele, kila akisevu katikati ya mstari zahanati tisa zinaanguka, kila akimaliza mstari zinainuka. Na mie niliingia na Nurdin chumba cha seva, nikajifanya natafuta. Nikagusa waya huu, nikagusa ule. Nadhani ilikuwa dakika kumi. Akina mama ishirini na sita kwenye benchi Vingunguti, na mie nagusa waya ambao najua hauna tatizo lolote. Nilikuwa nataka bosi atoke chumbani kwake kwanza.

Akatoka. "Kuna nini?" akauliza.

"Bosi," nikasema, "ni mafaili ya mwalimu."

Brightson akamwondoa Audax kwenye kiti, akaamuru kila kitu kirudishwe kilivyokuwa Ijumaa. Mfumo ukatulia. Kisha akafungua kumbukumbu za seva palepale, mbele yetu.

"Mzee, asubuhi hii umesevu mara sitini na moja. Sitini na moja! Kila mstari!"

"Ndivyo ninavyofanya kazi," Audax akasema. Alikuwa amesimama, mikono nyuma. Sauti ilikuwa ndogo, sijawahi kumsikia na sauti ile. "Ina maana nusu zote hizo zilikuwa zinakwenda moja kwa moja kwenye seva?"

"Zilikuwa zinakwenda wapi, unafikiri? Sekela, hukumfundisha?"

Wakanigeukia wote watatu, Brightson, Nurdin, na yeye.

"Nilimfundisha, bosi," nikasema. "Wiki mbili."

Hakuna neno la uongo hapo. Nimelipekua jibu langu mara nyingi na sijaona neno la uongo. Mchana nikapeleka ripoti iliyoandikwa "hajaweza", na saa tisa alikuwa ameshatoka getini, ameacha vitu vyake mezani.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo Nurdin akaokota ile mistari ya Audax iliyobaki kwenye laptopu aliyoiacha mezani, akaijaribu mahali pembeni, kisha akaja kwangu macho yamemtoka. Ile ishu ya dozi ilikuwa imekaribia kupona. Ile njia ya kuorodhesha aliyonionyesha mwalimu wiki ya pili ya masomo ndiyo aliyoitumia. Alikuta hesabu ya uzito imetumika mahali kumi na saba, na mahali pamoja tu pointi ilikuwa inakatwa. Alikuwa amebakiza mistari miwili amalize. Nurdin akaimalizia, tukaipeleka kwenye seva, na Ijumaa Mwanakombo akanipigia.

"Sekela, hongera mdogo wangu! Dozi za wachanga zinakuja zote. Mungu akubariki."

"Amina," nikasema. Nikasema hivyo. Nurdin alikuwa ananisikiliza.

Jumamosi Brightson akanituma Madale nimpelekee Audax barua yake ya kumaliza kazi na boksi la vitu vyake. Nilitaka kumtuma Nurdin, akasema ana harusi. Nikapanda kile kilima na boksi mikononi, jua la saa sita, ninamlaani Audax kwa kujenga mbali, kwa kujenga juu, kwa kuwapo.

Mkewe akanifungulia, Mama Kokushubila, mwanamke mwembamba mwenye kanga begani. Nikampa shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Ndiye Sekela wewe? Karibu, karibu ndani!" Akanipokea boksi, akanikalisha kwenye kochi, akaniletea kikapu kidogo kilichosukwa, ndani yake kahawa kavu za kutafuna, ndivyo Wahaya wanavyomkaribisha mgeni wanayemheshimu. "Alikuwa anakusema kila siku. Mwalimu mzima anarudi jioni na daftari, anajisomea hapo mezani, mie nacheka. Ananiambia, yule binti ni mkali lakini anajua kufundisha. Ahsante sana kwa kumvumilia."

Audax alikuwa amekaa kiti cha pembeni, shati la nyumbani, miguu peku. Aliitikia shikamoo yangu, basi. Mama alipoenda jikoni kuangalia sufuria, ndipo akaongea.

"Ilikuwa setingi," akasema. "Nimekaa hapa siku tano naifikiria. Ilikuwa setingi, na mtu aliyeiweka ni mmoja."

"Nilisahau, mwalimu."

"Siku uliyoiweka, sawa, ulisahau. Siku zilizofuata? Meza yako iko hatua tatu. Ulikuwa unanisikia."

Nilikuwa nimeshika kahawa moja mkononi, sijaitia mdomoni.

"Brightson akijua ataniita," akasema. "Simwombi mie. Ripoti wewe ndiye uliyeiandika, wewe ndiye utakayeifuta."

Mama Kokushubila akarudi, akakaa karibu yangu, akaniwekea mkono begani. "Eti mwanangu, hebu nieleze wewe. Lile kosa lilikuwaje hasa? Huyu nikimuuliza ananiambia, muulize Sekela akija, yeye ndiye anayejua."

Audax akanitazama. Hakuwa na hasira usoni, hata kidogo, alikuwa anasubiri tu jibu. Ningeweza kulisema. Lilikuwa fupi, halifiki hata mistari mitatu.

"Ni hizi kompyuta tu, mama," nikasema. "Kile kihariri kipya kina nguvu mno. Kilimshinda."

"Masikini," akasema mama. "Na utu uzima nao."

Audax akainuka, akapita mbele yetu, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu, hakuniaga. Mkewe akanisogezea kikapu akaniambia nichukue na nyingine za njiani, na mie nikachukua.